Madamu, Mimi Sitaki Kuwa Dagaa

Shuleni kwangu mahudhurio huenda na mwezi. Sisemi mwezi wa Januari au Februari, nasema mwezi wa angani.

Huku mwambao wa Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanaufuata mwanga na wavu unashushwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi. Mitumbwi inapandishwa mchangani, wanaume wanashona nyavu na kucheza bao, na darasa langu linajaa mpaka mlangoni. Giza likirudi, asubuhi mwalo, pale ufukweni mitumbwi inapotua, unachemka. Dagaa wanataka kuanikwa, wanataka kugeuzwa, wanataka kufukuziwa kunguru, na mkono wa mtoto una hesabu yake. Nikiita majina siku hizo, anayenijibu mara nyingi ni jirani wa dawati: "Hayupo Madamu, yuko mwaloni."

Muhula wangu wa kwanza hapa niliwaandika wote watoro. Nilikuwa nimetoka mjini, sikujua lolote kuhusu mwezi.

Nafundisha Darasa la Tatu. Mwaka ninaotaka kuusimulia rejista ilikuwa na majina 94, chumba kimoja, madawati 26, kitabu kimoja kwa watoto wanne. Sisemi kwa kulalamika. Tangu michango ilipoondolewa shule za msingi Januari 2016, wameingia watoto ambao wangebaki nyumbani, na nawajua kwa sura. Mwambao wa ziwa hilihili ndiko ilikotolewa ahadi kama hiyo zamani: Novemba 1974 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Mara zote mbili watoto walifika kabla ya madawati, na kabla ya walimu.

Niseme ukweli wangu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilifundisha watoto kama kumi na watano. Wengine walikuwa waalikwa. Nilisimama mbele, nikaandika ubaoni, nikauliza, mikono ileile ikanyooka, nikachagua mmoja, akajibu, nikasema "mpigieni makofi," tukaendelea. Mwishoni nilikuwa nauliza, "Tumeelewana?" Na darasa zima, 94, kwa sauti moja inayosikika hadi kwa mama muuza maandazi getini: "Ndiyooo Madamu!" Ile ndiyo ya pamoja imewadanganya walimu wengi kuliko mtihani wowote. Mtoto anaiimba huku anaangalia ndege dirishani.

Aliyenivua kilemba ni mvulana mmoja ambaye wenzake walimwita Nahodha, kwa hiyo nami nitamwita hivyo. Alikuwa mkubwa kidogo kwa umri kuliko wenzake, baba yake mvuvi, yeye mwanikaji. Siku moja kipindi cha Kiswahili nikamsimamisha asome. Akasoma vizuri mno. Sauti kubwa, kituo mahali pake, hata pale penye alama ya kuuliza akapandisha. Nikawa najiandaa kusema makofi, ndipo nikaona kwamba mwenzake wa dawati, katika kugombea kile kitabu kimoja, alikuwa ameshafunua ukurasa wa mbele. Nahodha alikuwa anaufuatisha kwa kidole ukurasa wa 16 huku anasoma wa 14.

Aliukariri kwa kusikia. Wenzake watatu walikuwa wameusoma kabla yake, akaudaka.

Kwenye vyumba vya walimu tuna neno kwa watoto wa namna hii, na mimi nililitumia kama wenzangu: kilaza. Usiku ule neno lilinikaa kooni. Kichwa kinachodaka ukurasa mzima kwa kuusikia mara tatu, unakiitaje kibovu? Hakuwa na tatizo la kichwa. Alikuwa na tatizo la herufi, tena la herufi chache, na kwa miaka miwili na nusu hakuna mtu mzima aliyekaa naye dakika tano kuzitafuta ni zipi. Mmoja wa watu wazima hao nilikuwa mimi.

Basi nikachukua karatasi moja. Juu nikaandika herufi na silabi, chini yake maneno, chini yake aya fupi, na mwisho kihadithi cha kiwango cha Darasa la Pili. Sikubuni mimi. Kipimo cha namna hii kilianzia India, ambako tangu 2005 watu wa kujitolea walipita vijijini, nyumba kwa nyumba, wakiwasomesha watoto karatasi moja tu kuona wanaishia wapi. Mwaka 2009 kikaja Afrika Mashariki kwa jina la Uwezo. Waliowahi kutembelewa wanakumbuka: mgeni anakuja na karatasi zake, anakaa na mtoto barazani, na baada ya muda mfupi anajua jambo ambalo ripoti ya muhula haijawahi kulisema.

Mimi nilikaa chini ya mwembe, mapumziko ya saa nne, watoto kumi kwa siku, chai yangu ikipoa. Ilinichukua wiki mbili na zaidi, maana wengine ilibidi nisubiri mbalamwezi.

Waliokuwa hawajui herufi zote ni 17. Walioishia kwenye silabi ni 23. Hawa ni wale wa ba be bi bo bu, wanaoziimba kama wimbo wa mchakamchaka. Ukiwarukia, ukianza na bo halafu bi, wimbo unakatika na mtoto anakutazama kama umemwibia kitu. Waliosoma neno mojamoja ni 28. Walioweza aya ni 15. Waliosoma hadithi hadi mwisho ni 11, na wawili kati yao walimaliza wakaniuliza kama nina nyingine.

Nilikaa na lile daftari. Wiki hiyohiyo nilikuwa nafundisha uandishi wa barua. Barua ya kirafiki, anwani kulia, tarehe chini yake. Watoto 40 wa darasa langu walikuwa hawawezi kulisoma neno "barua".

Lakini kilichonishangaza zaidi hakikuwa idadi. Ni kwamba nilikuwa nimewakosea watu. Binti mmoja ambaye hafungui mdomo darasani, niliyekuwa nimemweka kabisa kwenye orodha yangu ya wazito, alisoma hadithi yote kwa kunong'ona. Kila r aliitamka l, kama tunavyotamka wengi wetu tuliolelewa kwa Kisukuma, ambacho hakina r. Ndiyo maana hakuwa anasoma kwa sauti: mwaka uliotangulia walimcheka. Alipomaliza nikamwambia anieleze hadithi kwa lugha anayotaka. Akanieleza kwa Kisukuma, yote, na mwisho akaongeza kwamba yule sungura hakuwa na akili, alikuwa na bahati. Hakuna mwenye r safi aliyeniambia jambo kama hilo.

Hapo nikamkumbuka bibi.

Bibi yangu mzaa mama alijifunza kusoma akiwa na watoto watano, huko Magu, jioni, chini ya paa la nyasi, na mtoto mgongoni. Kati ya 1968 na 1972 kanda hii ilikuwa na mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima, serikali ikishirikiana na UNESCO, makao yake hapa Mwanza, ukihudumia Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Waliuita kisomo chenye manufaa. Na vitabu vyake havikuwa vya aina moja. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, wa migomba kwa cha migomba, mvuvi kwa cha uvuvi, mfugaji kwa cha ng'ombe, na kulikuwa na cha maarifa ya nyumbani. Herufi ni zilezile. Mlango wa kuingilia ndio uliotofautiana.

Neno la kwanza ambalo bibi anasema alilisoma ni pamba. La pili, kilo. "Mjukuu wangu," alikuwa akiniambia, "mimi karani alikuwa ananisomea mizani miaka yote, na kila mwaka pamba yangu nyepesi kuliko nilivyoibeba kichwani." Mwaka alioanza kusoma karatasi ya mizani mwenyewe, anasema, pamba yake ikawa nzito ghafla.

Tena kuna jambo ambalo nililipenda nilipolisoma baadaye. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 uliwaweka watu kwenye ngazi, ya kwanza hadi ya nne. Sisi shuleni tunampa mtoto namba: wa 83 kati ya 94. Namba hiyo inamwambia yuko nyuma ya nani. Haimwambii kesho ajifunze nini. Mama wa ngazi ya pili alijua kwamba mbele yake kuna ya tatu, na jirani yake akipanda hamsukumi yeye kushuka.

Kwa hiyo wazazi na mabibi zetu wa kanda hii walifundishwa kwa kufuatwa walipo, halafu watoto wao tukawarudisha kwenye ukurasa mmoja, siku moja, watu 94.

Chuoni tulisomeshwa haya, sitasingizia. Tulikariri jina la Vygotsky, mwanasaikolojia wa Umoja wa Kisovieti aliyefariki 1934, kwamba mtoto hujifunza vizuri kazi inapomzidi kidogo tu na pembeni yake kuna wa kumshika mkono. Tuliliandika kwenye mtihani tukapata alama zetu. Kumzidi kidogo nani, katika darasa la watu 94, hatukuulizwa.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa.

Niligawa makundi matatu ya kusoma, nikataka majina yasiyoumiza. Sikutaka A, B, C. Nikajiona mbunifu, nikawaita kwa samaki wa ziwa letu: Sangara, Sato, Dagaa. Nikachora kwenye manila, nikabandika ukutani, nikajipongeza.

Haikufika hata dakika kumi. Mtoto mmoja wa kundi la tatu akasimama. "Madamu, mimi sitaki kuwa dagaa."

"Kwa nini? Dagaa si watamu?"

"Dagaa analiwa na sangara."

Darasa lilivyocheka, mwalimu wa chumba cha pili aligonga ukuta. Na alisema kweli. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili, alipandikizwa miaka ya 1950, akala furu mpaka aina nyingi zikatoweka, na dagaa wamebaki kwa sababu wanazaliana upesi kuliko anavyoweza kuwamaliza. Watoto wa mwaloni unaweza kuwadanganya kwa mambo mengi. Kwa samaki, hapana.

Kesho yake akaja baba mmoja, kofia mkononi, miguu bado ina mchanga. "Habari za kazi, Mwalimu. Mwanangu amekataa kula. Anasema amewekwa dagaa." Nikaanza kueleza. Akaniinulia mkono kwa upole. "Mimi mwenyewe navua dagaa, Mwalimu. Dagaa wamejenga nyumba yangu. Lakini mtoto kaniambia dagaa ni wale wasiojua." Sikuwa na jibu. Niliibandua ile manila akiwa bado amesimama mlangoni.

Baada ya hapo sikuwapa majina tena. Niliwapa sehemu za kukaa: dirishani, mlangoni, ukutani. Dirishani ndiko wanakoanzia herufi na silabi, kwa sababu kuna mwanga na kadi zinaonekana. Mlangoni maneno na sentensi. Ukutani aya na hadithi. Watoto wanajua, bila shaka, mtoto hafichwi kitu cha namna hii. Ila nimeona kwamba wanaweza kulivumilia kundi la chini kama kundi lenyewe lina mlango wa kutokea. Kila Jumatatu ya pili napitisha karatasi upya kwa wachache wachache, na watu wanahama. Mtoto akimaliza muhula mzima amekaa sehemu ileile, najiuliza mimi kwanza kabla sijamuuliza yeye.

Na somo likibadilika, viti vinabadilika. Hili ndilo lililoniokoa na Nahodha. Hisabati alikuwa ukutani. Siku moja nilitunga swali la mdomo: sado moja ya dagaa ni shilingi 2,500, mteja amechukua sado tatu, ametoa noti ya 10,000. Sijamaliza kuvuta pumzi, Nahodha: "Chenji elfu mbili na mia tano. Lakini Madamu, usimpe. Mwambie achukue ya nne, muachane bila chenji." Nikaandika ubaoni swali lilelile kwa tarakimu, mabano na alama ya kuzidisha. Akalitazama kama mtu aliyeandikiwa Kichina. Alikuwa anaijua hesabu, hakuwa anaijua nguo yake. Basi kwake nilianza na maneno yake mwenyewe, kila anachosema nakiandika kwa tarakimu pembeni, mpaka siku moja akanipokonya chaki akaandika mwenyewe. Wenzake wa kusoma, wale wa dirishani, walikuwa wakimwona anavyofuatwa na wa ukutani kuulizwa hesabu. Nadhani hilo liliwafundisha kitu ambacho mimi nisingeweza kukisema.

Kuna wanaoniuliza, na wengi ni walimu: sasa unaandaa masomo matatu kila siku? Unalala saa ngapi?

Siandai masomo matatu. Naandaa moja, lenye milango mitatu. Nitoe mfano wa siku moja, kipindi cha dakika 40. Ubaoni niliandika hivi: Babu ana mtumbwi. Mtumbwi una tundu. Maji yanaingia. Babu anaziba tundu kwa pamba. Upepo unakuja. Hadithi hiyo wote waliisikia, wote waliizungumza, na mzozo ukazuka palepale kama pamba inatosha bila rangi juu yake, nikawaacha wazozane maana ndio wenye mitumbwi. Dakika kumi zikaisha. Halafu wa ukutani wakaandika upepo ulifanya nini, mistari mitano, bila kuniuliza tahajia hadi mwisho. Wa mlangoni, wawili wawili, wakapewa sentensi zilezile zimekatwakatwa wazipange. Na mimi nikaketi sakafuni dirishani na kadi zangu za manila: m, tu, mbwi. Mbwi ni silabi ngumu, inakusanya konsonanti tatu kwa mpigo. Tuliitamka, tukatafuta wapi pengine ipo. Mtoto mmoja akasema "mbwa!" nikamwambia umekaribia, badilisha moja tu. Kelele zilikuwepo. Mchezo ulikuwepo mlangoni, na kulikuwa na jozi ambayo haikufanya kitu kabisa. Siwezi kuwaona wote nikiwa sakafuni. Zamani sikuwaona nikiwa nimesimama.

Mwalimu wa taaluma hakupendezwa. Ni mtu ninayemheshimu, amenitangulia kazini miaka mingi, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. "Mwalimu, unawagawa watoto. Wa chini wakikaa na wa chini, watamwiga nani? Watabaki hukohuko." Nilimweleza kuhusu utafiti uliofanyika kwa jirani zetu, magharibi mwa Kenya, kuanzia 2005. Shule 121 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa Darasa la Kwanza ili darasa ligawanywe mara mbili. Baadhi ya shule ziligawa watoto bila kuangalia uwezo, nyingine ziliwagawa kwa alama zao za mwanzo. Zilizogawa kwa alama, matokeo yalikuwa bora, na si kwa wa juu peke yao. Wa chini nao walipanda, kwa sababu hatimaye mwalimu aliweza kufundisha kuanzia pale walipo. Waliofanya utafiti ule ni Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, na wawili kati yao, Duflo na Kremer, walikuwa miongoni mwa watatu waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wao walipewa mwalimu wa ziada. Wewe unaye?"

Sina. Hapo alinishika. Ila swali lake ndilo lililozaa jambo zuri kuliko yote niliyojaribu mwaka ule. Nilimfuata mwalimu wa Darasa la Nne, kijana mcheshi ambaye naye alikuwa na wake wasiosoma, ingawa hakupenda kuwataja. Tukakubaliana: saa moja baada ya mapumziko, mara tatu kwa wiki, tunachanganya madarasa yetu mawili. Wasiofika kwenye neno, wa tatu na wa nne, wote kwangu. Wanaosoma, wote kwake. Ndivyo wanavyofanya Pratham, shirika la India lililoanzisha kile kipimo cha karatasi: sehemu ya siku, darasa la mtoto linasahaulika kwa muda, linaangaliwa analoweza. Kwa kusoma tu na hesabu za msingi. Saa ikiisha kila mtu anarudi kwao. Kilichokuwa kigumu ni wakubwa wa Darasa la Nne kukaa na wadogo zao. Wiki ya kwanza wawili walijificha chooni. Niliwapa kazi ya kugawa kadi na kuzikusanya, wakawa makarani, wakaja.

Wa juu niliwakosea kwa namna yao. Nina binti mmoja, kipanga hasa, anamaliza kazi kabla sijamaliza kuitoa. Nilimfanya msaidizi. Zunguka, waone wenzako, waelekeze. Nikajisifu kwamba nimetatua mambo mawili kwa mpigo. Mama yake akanikuta njiani, gulio la Igombe, akaniambia bila hasira, "Mwalimu, mwanangu anasema siku hizi hasomi, anafundisha." Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimepata kibarua wa bure mwenye umri wa miaka tisa. Siku hizi ana daftari lake la maswali na anaruhusiwa kubeba kitabu cha Darasa la Tano nyumbani. Akitaka kumsaidia mwenzake, asaidie kwa hiari yake, kama watoto wanavyosaidiana wakati wowote.

Mdhibiti ubora alikuja muhula wa pili, akaona andalio la somo lina safu tatu pale ambapo pana nafasi ya moja. Akauliza, nikaeleza, akakaa nyuma kipindi chote, akatia sahihi. Niliogopa bure.

Kinachonitia hofu ya kweli ni kingine. Mwaka unaofuata watoto hawa wanakaa kwenye upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne, na karatasi ile ni moja kwa wote, haiulizi nani alianza na herufi Aprili. Mtoto aliyetoka kwenye kutojua a hadi kusoma aya ndani ya mwaka mmoja amesafiri mbali kuliko kipanga wangu. Kwenye matokeo atahesabika ameshindwa, na mimi naye. Nimewahi kushawishika kuacha dirisha kabisa, nibaki na wa mlangoni wanaokaribia kufaulu, ili wastani wa shule uinuke. Shule zinafanya hivyo, zisitajwe. Sijalitatua hili. Kila Septemba linanijia.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi nilishuka mwaloni kununua mboga. Nahodha alikuwa amesimama mbele ya mtumbwi uliopandishwa mchangani, wa bluu na njano, mikono kiunoni kama mtu anayetaka kuununua. Ubavuni una jina kwa rangi nyeupe. Aliponiona hakuanza na salamu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Madamu. Su. Bi. La." Ndipo akakumbuka. "Shikamoo."

"Marahaba." Nikasoma na mimi. Iliandikwa SUBILA kweli, herufi kubwa, zimenyooka, fundi alikuwa na mkono mzuri. "Ilitakiwa iweje?"

Akajikuna mguu kwa kidole cha mguu wa pili. "Subira. Yenye r. Ile inayotetemeka." Akautazama tena mtumbwi, polepole, kutoka s hadi a, na uso ukamkunjuka. "Kumbe huyu fundi naye wa dirishani."

Nilinunua sado mbili. Alinipimia mwenyewe, akajaza mpaka kilele, akaongeza kiganja. Jioni ile mwezi ulichelewa kutoka, na ulipotoka ulikuwa umemegeka nusu.

Jumatatu ilikuwa ya kuhamisha watu. Nilifungua rejista nikaanza kuita, na sijafika kwenye jina lake, jirani yake wa dawati akanyoosha mkono.

"Hayupo Madamu, yuko mwaloni. Ila amesema umwekee nafasi mlangoni."